Nani Aliyetutenganisha na Bisibisi?

Vijana wenzangu mnaoandika, mnaochora, mnaochonga na mnaopiga muziki, leo nimekuja na ugomvi, na sitanong'ona. Nasema msanii wa kwetu anayeogopa kufungua redio iliyokufa amejikata mkono mmoja. Na shule zetu ndizo zilizomkabidhi kisu.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa. Kwetu ni Nyegina, Musoma, penye misheni ya zamani, mawe makubwa na upepo wa ziwa. Muhula mmoja nilipeleka kazi yangu mbele ya jopo la walimu wa chuo ambacho leo sikitaji. Kazi yenyewe ilikuwa litungu la nyuzi nane, taa kumi na mbili za wavuvi wa dagaa, na spika ya redio iliyotupwa. Ukipiga uzi, taa zinawaka gizani kufuata sauti. Ukinyamaza, ziwa zima linazimika. Walimu wakatazama, wakaizunguka. Mmoja akauliza: "Sasa kijana, hii ni sanaa au umepotea njia ya kwenda VETA?" Wenzake wakacheka. Kwenye karatasi yangu likaandikwa: "Ufundi upo. Sanaa haionekani." Nikapewa alama za kunivusha tu.

Alama zile nimezimeza. Sentensi ile ndiyo iliyonikwama kooni, maana haikuandikwa kwa ajili yangu peke yangu. Ni sentensi inayowapanga watoto wa nchi hii kila mwaka kama mafungu ya nyanya sokoni: hawa wa kushika kalamu, hawa wa kushika nyundo, hawa wa kushika hesabu. Nyumbani Nyegina nina mdogo wangu, binti wa mama mdogo, yuko Kidato cha Pili. Anachora mpaka pembezoni mwa daftari la Jiografia. Na taa za wavuvi zikifa, watu wazima wanamletea yeye, anazifungua na kuzirudishia uhai. Lakini hesabu za darasani zinamsumbua. Ameshaambiwa: wewe ni wa Arts, hayo mambo ya umeme waachie wenzako wa Sayansi. Akaniuliza, "Kaka, kwani nikiwa Arts mikono yangu itasahau?" Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Makala hii ndiyo jibu.

Neno lenyewe linawasuta

Tuanze na lugha, maana wengi wetu humu ni watu wa lugha. Wale waliocheka waliwahi kujiuliza neno "sanaa" limetoka wapi? Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye ukoo wa neno la kutengeneza, la kazi ya mikono. Ndugu zetu Waswahili walioko Muscat wakipita mbele ya wizara inayoshughulikia viwanda, kibaoni wanakutana na neno la ukoo huo huo. Kiwanda na sanaa, baba mmoja! Sisi huku tumelichukua neno, tukalivua ovaroli, tukalivalisha suti, tukalipeleka kwenye ufunguzi wa maonyesho kunywa soda.

Njoo kwenye "fundi". Fundi, funda, fundisha, funza, mafunzo, mwanafunzi: hao wote ni watoto wa nyumba moja. Kwa Kiswahili, mwanafunzi na fundi ni ndugu. Aliyelitunga neno hilo hakuona aibu ya kumlaza msomi chumba kimoja na mtu mwenye mafuta mikononi. Aibu hiyo tumeiongeza sisi wenyewe.

Na kichekesho kikubwa ni hiki: hapa Tanzania, kwenye mambo ya serikali, uchoraji na uchongaji tunaviita nini? Sanaa za ufundi! Ndilo jina rasmi. Kwa hiyo nilisimama mbele ya watu wanaolipwa mshahara kufundisha sanaa za ufundi, wakaniambia ufundi ninao ila sanaa hawaioni. Hebu nisaidieni, jamani.

Kisha kuna huo ugonjwa mwingine wa "Arts" za shule. Mtoto akiwa HKL au HGL, yaani Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, anaitwa mtu wa Arts. Kuchora hachori, kuchonga hachongi. Arts kwetu imekuwa maana yake "aliyeshindwa Fizikia". Kwa hiyo sanaa imegeuzwa chumba cha majeruhi wa hesabu. Halafu tunashangaa kwa nini wazazi wanalia mtoto akisema anataka kuwa msanii!

Mnamsifu Tingatinga, mnasahau rangi yake

Chuo chochote cha sanaa nchini ukiingia, jina la Edward Saidi Tingatinga halikosi kutajwa. Sawa, na mimi namwinamia. Lakini tukumbushane alifanya nini. Mtu wa Tunduru, ametoka kijijini kuja Dar es Salaam kutafuta maisha. Mwaka 1968 hivi anaanza kuchora. Anachorea nini? Hana kitambaa cha wachoraji, hana rangi za mafuta kutoka Ulaya. Anachukua vipande vya ubao wa dari, anachukua rangi ya baiskeli, ile inayong'aa, anachora chui. Alikufa mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na leo chui wake wamezunguka dunia.

Rangi ya baiskeli, ndugu zangu! Bidhaa ya kiwandani iliyokusudiwa kuzuia kutu. Angekuja mbele ya jopo letu wangemuuliza: "Kijana, hii ni sanaa au umepotea njia ya kwenda kwa fundi baiskeli?" Tingatinga alichukua kitu kilichokuwa kimejaa mjini wakati wake, cha bei ambayo maskini anaimudu, akakifanya kiseme. Basi tujiulize: leo mjini na vijijini kumejaa nini? Kumejaa redio zilizokufa, chaja zilizokatika, simu zilizopasuka kioo, taa za sola zilizogoma, spika zilizochanika. Rangi ya baiskeli ya kizazi chetu ni hiyo. Anayemheshimu Tingatinga kwa kurudia chui wake miaka zaidi ya hamsini anamheshimu nusu. Anayefuata njia yake anaingia kwa fundi redio na kuomba kapu la vyuma vilivyoshindikana.

Kazi yenyewe inavyofanya

Wengine mnadhani elektroniki ni uchawi wa watu wenye digrii. Ngoja niwaeleze ile kazi iliyochekwa, mwone kama kuna uchawi.

Kwenye saa ya kengele, au kwenye kengele ya mlango ile ya bei rahisi, kuna kisahani chembamba cha rangi ya shaba, upana wake kama sarafu. Mafundi wengine wanakiita pizo. Kukipa umeme kinalia "piii". Lakini kina tabia ya pili ambayo wengi hawaijui: ukikitikisa, kinatoa umeme chenyewe, kidogo sana. Mdomo huo huo ni sikio. Nilikibandika chini ya ngozi ya litungu. Uzi ukipigwa, ngozi inatetemeka, kisahani kinatetemeka, umeme mdogo unatoka, unafuata waya mpaka kwenye ile sehemu ya redio inayokuza sauti. Redio ilikuwa imekufa upande wa kukamata stesheni, upande wa kukuza sauti ulikuwa mzima kabisa. Kumbe redio hufa nusu tu! Hilo sikulisoma kitabuni, nililijua kwa kugusa na kusikiliza.

Sasa taa. Wavuvi wetu wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazivuti kitu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zimefungwa juu ya chelezo. Siku hizi wengi wamehamia taa za LED na betri. Zikizeeka zinatupwa. Nikaokota za kutosha. Kuziwasha kwa sauti kunahitaji kitu kimoja tu muhimu, transista. Nayo ni nini? Ni mtoto wa kufungua zizi. Mtoto ni mdogo, hana nguvu ya ng'ombe hata mmoja, lakini akitoa mti mmoja mlangoni ng'ombe hamsini wanapita. Umeme mdogo wa sauti unafungua mlango, umeme mkubwa wa betri unapita kwenda kwenye taa. Basi. Mtoto yeyote wa Mara aliyewahi kuchunga ameshaielewa transista kabla hajaiona.

Na hesabu? Hesabu ipo, sidanganyi. Ukiunga taa moja ndogo nyekundu na betri ya volti 9, taa inataka kama volti 2, zinabaki 7. Mkondo unaoitaka taa ni milampea 20, yaani ampea 0.02. Gawa 7 kwa 0.02, unapata omu 350. Rezista ya 350 fundi hana, atakupa ya 390, nayo inatosha bila kuunguza taa. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe: kutoa mara moja, kugawanya mara moja. Mdogo wangu, yule anayeambiwa hesabu hazimpandi, huipiga kichwani akiwa na waya mdomoni. Mwalimu wake hajawahi kumwona akifanya hivyo kwa sababu darasani hakuna taa ya kuwasha, kuna ubao tu.

Lakini sehemu niliyoipenda zaidi haimo kwenye hesabu. Nilipounga kwa mara ya kwanza, spika ikanguruma "mmmmm" hata kabla ya mtu kugusa uzi. Ule ni umeme wa TANESCO wa nyumba nzima, unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na waya wangu usiofunikwa ulikuwa unaudaka kama antena. Fundi wa kawaida anaufukuza kwa kuvalisha waya koti la waya mwingine. Mzee aliyeniazima litungu, Mkurya wa Tarime aliyehamia kwetu, akanyoosha mkono kunizuia. Akasikiliza. Akakaza uzi mmoja taratibu mpaka ukakubaliana na ule mngurumo. Akasema, "Mura, huyu naye ana sauti yake. Muulize anaimba nini kabla hujamfukuza." Nikauacha. Kijiji chetu kiliusubiri umeme miaka mingi, na sasa umeme wenyewe ulikuwa unaitikia litungu. Kama hapo sanaa haionekani, basi naomba miwani.

Wametangulia wengine

Msije mkasema nimebuni dini yangu mwenyewe. Waliofanya hivi wapo, tena Waafrika.

Mwaka 1944 mjini Cairo, kijana Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia sauti kwenye waya. Akaenda kwenye ngoma ya zari, ile ya kupunga pepo, ambayo watu wa pwani yetu wanaijua vizuri. Akairekodi, akaichezea sauti kwa mwangwi na mitambo ya redio mpaka ikawa kitu kipya, akaisikilizisha watu kwenye ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Vitabu vingi vinaanza hadithi ya muziki wa aina hiyo na Mfaransa Pierre Schaeffer mwaka 1948. Hesabuni wenyewe: Mwafrika alitangulia miaka minne, na ngoma ya pepo ndiyo iliyokuwa malighafi.

Njoo Kinshasa. Mzee Mingiedi Mawangu alikuwa mpiga likembe, ndugu wa ile marimba ya Wagogo aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose pale Bagamoyo. Mji ulikuwa na kelele, likembe ina sauti ndogo. Afanyeje? Akatoa sumaku kwenye vyuma chakavu vya magari, akazungushia waya wa shaba, akaziweka karibu na vijiti vya chuma vya likembe. Chuma kikicheza mbele ya sumaku, umeme unazaliwa kwenye waya. Akaunga na vipaza sauti vya mdomo wa tarumbeta. Sauti ikatoka imechanika, inakwaruza, tamu kama nini! Kundi lake, Konono No 1, lilitoa albamu ya Congotronics mwaka 2004, na mwaka 2007 wakasikika kwenye albamu ya Björk wa Iceland. Mzee hakwenda chuo cha uhandisi. Alikuwa na shida ya mwanamuziki, akaitatua kwa mkono wa fundi.

Hapo jirani, Nairobi, Cyrus Kabiru anatengeneza miwani ya kuvaa kwa waya na vyuma vilivyotupwa, na miwani hiyo imefika kwenye majumba makubwa ya sanaa. Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana aliyekuwa akifyatua matofali aliunga kompyuta mwenyewe kwa vipande vya mitumba, akatengeneza filamu ya "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010. Na Dar es Salaam vijana wa singeli walichukua kompyuta ambazo mwenye ofisi asingezikubali, wakakimbiza muziki kwa mwendo ambao hata miguu inaomba radhi.

La mwisho nimelihifadhi kwa ajili ya wale wanaocheka. Ile bodi ndogo iitwayo Arduino, ambayo leo wanafunzi wa uhandisi duniani kote wanafundishiwa, ilizaliwa wapi? Ilizaliwa mwaka 2005 kwenye shule ya usanifu ya Ivrea, Italia. Waliitengeneza ili wanafunzi wa usanifu na wasanii wapate kifaa rahisi cha kuundia kazi zao bila kuwa wahandisi kwanza. Chini yake kulikuwa na kazi aliyoianza mwanafunzi wa shule hiyo, Hernando Barragán kutoka Kolombia, mwaka 2003. Yaani wahandisi wamekuja kukopa kwenye chumba cha wasanii! Kwetu mlango huo umefungwa kwa kufuli, na ufunguo wanao watu wanaouliza njia ya VETA.

Msiniletee hizi hoja

Nazijua hoja zenu. Ya kwanza: "Huo ni uzungu." Uzungu? Litungu la Mkurya, taa ya mvuvi wa Musoma, redio iliyofia Nyegina, huo uzungu umeingilia wapi? Rangi za mafuta mnazotulazimisha kununua kwa bei ya mbuzi ndizo zilizokuja na meli.

Ya pili ni nzito, na naiheshimu. Wanasema: "Wafadhili wanapenda sana Mwafrika anayechezea takataka. Mtageuka maonyesho ya umaskini." Kweli kabisa. Kuna wageni wakiona kijana wa Kiafrika na kopo lililotobolewa machozi yanawatoka, hawaulizi hata kama kitu kinafanya kazi. Mimi nawaambia wenzangu: tusiuze taka, tuuze akili. Kama siku moja nitaweza kununua spika mpya, nitanunua. Sioni utukufu wowote kwenye uchafu. Tena uchafu huu una sumu: lehemu ya zamani ina risasi ndani yake, na kuchoma nyaya ili kupata shaba ni kuvuta kifo puani. Televisheni za zamani zenye mgongo zinaweka umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa, usiguse kama hujafundishwa. Anza na betri, dirisha likiwa wazi, nawa mikono kabla ya kula. Ukitaka kugusa umeme wa ukutani, kaa kwanza miezi kwa fundi. Msanii aliyekufa kwa shoti hana maonyesho.

Ya tatu ni ile ya wazazi: "Italeta ugali?" Shikamooni wazazi wangu. Uchoraji wa chui namba elfu moja unaleta ugali? Mtoto anayejua kuchora na pia kufufua taa ana njia mbili za kula. Anayejua kimoja, ana moja.

Ardhi yetu imo ndani

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi ya kicheko cha walimu. Fungua bodi ya kompyuta uangalie yale meno ya kuungia. Yanang'aa njano. Ni dhahabu, imepakwa nyembamba sana kwa sababu haishiki kutu. Sisi watu wa Mara dhahabu si hadithi kwetu. Buhemba iko Butiama, Nyamongo iko Tarime, watu wamechimba, wamefukiwa, wamegombana. Baadhi ya kapasita ndogo za simu zinatengenezwa kwa tantali, inayotoka kwenye koltani, na sehemu ya koltani ya dunia imetoka Rubaya, Masisi, kwa ndugu zetu wa Kivu wanaolala wakisikiliza bunduki.

Sasa tazama mzunguko huu. Ardhi yetu inatoka ikiwa mawe, inarudi ikiwa simu ya bei ya mshahara wa miezi miwili, inaharibika, tunaitupa nyuma ya nyumba. Mara tatu imepita mikononi mwetu: kama wachimbaji, kama wateja, kama wazoa taka. Mara ya nne, ile ya kuifungua na kuifanya iseme tunachotaka sisi, ndiyo tunayoambiwa haituhusu. Nasema inatuhusu, tena sana. Ukikaa na kitu maisha yako yote bila kujua ndani yake kuna nini, wewe ni mpangaji wake tu.

Wakati wa kuamua ni huu

Mwaka 1967 Nyerere wa Butiama, aliyebatizwa hapa hapa Nyegina mwaka 1943, aliandika Elimu ya Kujitegemea akipinga elimu inayomtoa kijana kwenye maisha ya watu wake na kumfanya adharau kazi ya mikono. Tuliigeuza ikawa kulima bustani ya mwalimu mkuu. Sasa tumepata nafasi nyingine. Sera ya elimu imefanyiwa marekebisho mwaka 2023, na tangu Januari 2024 Kidato cha Kwanza kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Napongeza. Lakini nina wasiwasi mmoja: tusije tukajenga ukuta mpya tukauita mlango. Ndani ya amali kama umeme utakaa chumba hiki na sanaa chumba kile, na mtoto alazimike kuchagua akiwa na miaka kumi na minne, tutakuwa tumebadilisha kibao tu.

Ninachodai si majengo. Nadai vitu vitatu. Kwanza, mwalimu wa uchoraji na mwalimu wa umeme wapewe kipindi kimoja cha pamoja kwa wiki, meza moja, watoto wale wale. Musoma tuna shule ya ufundi, ianze hiyo. Pili, vyuo vya sanaa vimkaribishe fundi redio wa mtaani kama mwalimu mwalikwa na vimlipe, badala ya kumpita kila asubuhi bila kumsalimia. Tatu, karatasi ya kusahihishia kazi zetu ifutwe ile sentensi. Mwalimu akitaka kusema kazi yangu ni mbaya, aseme ni mbaya kwa sababu gani. Asinifukuze nchi ya sanaa kwa kunitajia ufundi.

Na ninyi mnaotaka kuwa waandishi, msikae pembeni mkichekelea ugomvi wa wachoraji. Ninyi pia mna deni. Mashairi yenu yamejaa mwezi, mawimbi na msichana aliyeondoka. Sawa. Lakini nani ameandika harufu ya lehemu inapoyeyuka? Nani ameandika fundi anayeweka redio sikioni kama daktari? Mafundi wetu wana Kiswahili chao kizima: redio imekula betri, waya umekufa, spika imepasuka sauti, umeme umevuja. Hizo ni sitiari ambazo mshairi angezilipia pesa. Zinakufa na wazee wa vibanda kwa sababu sisi tunaojiita watu wa fasihi tunaona aibu kukaa kwenye stuli yenye grisi. Kaeni. Sikilizeni. Andikeni hata maelekezo tu, hatua kwa hatua, ya jinsi ya kuunga taa na betri, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Kidato cha Pili atakisoma bila kamusi. Kwangu mimi hiyo nayo ni fasihi, na aliyeamua kwamba siyo aje tubishane.

Mdogo wangu ana mpaka mwisho wa mwaka kujaza fomu yake. Nimemwambia ajaze chochote watakachomlazimisha, kisha jioni aje mezani. Bisibisi ziko mbili.